Koti la Baba Mkwe

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimerudi jioni kutoka mlimani, nyumbani kwa kina Vaileth. Siku njema kwa ujumla. Nilivaa viatu vipya vya kahawia, vile vya harusi, ili miguu ivizoee mapema. Njia ya kuzunguka darajani ni ndefu na ina matope. Mimi hupita mkato, katikati ya migomba. Kuna mfereji pale, lakini hausumbui mtu mwenye akili. Naufunga mdomo kwa jiwe na kigogo cha mgomba, maji yanahamia upande wa pili, navuka mkavu kama Waisraeli. Nafanya hivyo kila Jumapili tangu Pasaka. Vaileth ananisihi nizunguke darajani kama watu wengine. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sasa habari yenyewe. Mzee Abdiel, baba yake Vaileth, ameipokea posa. Limebaki koti la baba. Desturi inataka mkwe ampelekee baba wa binti koti zito la baridi. Mzee kasema koti analo, alipewa na Elimringi, mume wa Elizabeth, dada mkubwa wa Vaileth. Elimringi alikuwepo. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kujifanya. Mzee kasema badala ya koti anataka darubini ya kufunga juu ya bunduki yake ya leseni. Nguruwe pori wanamaliza mahindi. Akaniuliza kama nazifahamu darubini hizo. Nikajibu nimekua nazo. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani.

Mzee ataipima Jumapili ijayo. Ikimpendeza, tarehe ya harusi inapangwa palepale. Isipompendeza, nisubiri. Elimringi alisubiri mwaka mzima kwa sababu blanketi alilompelekea mama wa binti lilikuwa jepesi. Mimi mwaka siuwezi. Nampenda Vaileth, naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sikufungua duka langu. Binamu yangu Godbless, ambaye ndiye mshenga wangu, alikuja kwangu Daraja Mbili akiwa na mafua makubwa na leso nyeupe ya ukubwa wa taulo. Tukaangalia darubini kwenye simu siku nzima. Wazungu wanabishana juu yake kwa hasira, kila mmoja na chapa yake. Godbless alisinzia. Mimi nimetoka na elimu. Ukubwa ni namba. Namba ikiwa kubwa, kitu kinasogea karibu zaidi. Sioni kwa nini watu hubishana.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda duka la silaha mjini. Muuzaji ni mama mpole wa miwani. Nikamwambia ninamtafutia baba mkwe. Akanitolea mbili.

Ya kwanza ni Waldstern, ya Kijerumani. Inakuza mara kumi tu. Nikauliza mbona namba ndogo. Akasema namba si hoja, hoja ni kioo. Nguruwe hutoka jua likizama, na kioo hafifu saa hiyo kinaonyesha giza lililokuzwa. Akasema pia darubini njema haihami shabaha bunduki inaporuka, na inakuruhusu kuweka jicho mbali kidogo, isije ikakupasua nyusi. Bei yake ni bei ya pikipiki. Nikaigusa kidogo, nikairudisha.

Ya pili ni Hoshiko, ya Kijapani. Inafanana na ya kwanza, bei ni ya gurudumu la nyuma la pikipiki. Yule mama akasema kwa shamba la mahindi hiyo inatosha na inabaki, thamani yake inazidi bei. Nikamwona hana msimamo. Anasifu kila kitu.

Nikaiona ya tatu pembeni, ndani ya kabati la vioo, ina vumbi. Simba Max. Mara ishirini na nne! Ndani ina taa nyekundu, na kijitambaa cha kufutia bure. Mama akasema hiyo ni ya bunduki za upepo, za kuchezea, hashauri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ilikuwa imekaa kimya kwenye vumbi wala haikujitembeza, kwa hiyo ni nzuri. Nimeinunua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeijaribu juu ya paa. Asubuhi nilitafuta Mlima Meru. Ulikuwa umefunikwa na ukungu wa Julai, nikaona weupe mtupu, ila weupe wa karibu sana. Mchana nikasoma bango la saluni upande wa pili wa barabara, ingawa bango hilo nalijua kwa moyo. Jioni nikaona giza na taa nyekundu. Nadhani ni kosa la umeme wa mtaani.

Vaileth kapiga simu. Nyumbani hakuna raha, anasema. Baba yake na Mzee Yoeli wa shamba la jirani hawasalimiani tena. Wameketi benchi moja kanisani tangu ujana, sasa mmoja kahamia upande wa kwaya. Ugomvi ni maji. Nikamwambia wazee wana mambo yao, sisi tufikirie keki. Akasema keki ingoje. Kisha akasema Elimringi ameazima Waldstern kwa bosi wake, kule kwenye kampuni ya uwindaji Olasiti anakofanya kazi ya udereva. Ataileta Jumapili ili Mzee alinganishe.

Mtu huyo ana roho mbaya. Na ndiye atakuwa mwanyumba wangu, tutakuwa tumeoa ndugu wawili, tutakula Krismasi meza moja mpaka kufa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata mpango. Kwenye kupima darubini lazima awepo mtu wa kuangaliwa. Mtu huyo nitakuwa mimi. Nitasimama bondeni, ng'ambo ya mfereji, nimeshika karatasi yenye herufi. Godbless atakaa barazani na wazee. Mzee akishika Simba Max, Godbless atainua ile leso nyeupe. Nikiiona leso, nasogea karibu, navuka mfereji, herufi zinakuwa kubwa. Mzee akishika ya Mjerumani, leso inabaki mfukoni, nami nabaki mbali. Mzee atasema Simba Max inavuta kuliko Mjerumani.

Nimemweleza Godbless mara kadhaa. Amesema ameelewa. Akapiga chafya.

Jumapili, 13 Julai

Niandike kwa utulivu.

Baada ya ibada tulikula loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando. Nilimwamkia Mzee shikamoo kwa sauti, nikaiweka Simba Max mezani kando ya Waldstern. Elimringi akaitazama, akaguna. Nikauliza bunduki iko wapi. Mzee akasema bunduki imefungiwa kabatini, darubini inapimwa kwa jicho, akaweka gunia la mahindi la kuegemezea juu ya ukuta wa baraza. Nikajitolea kwenda bondeni. Mzee akanisifu. Akasema ni vijana wachache siku hizi wanaojituma.

Nikashuka kwa kuzunguka darajani, kama mtu mstaarabu. Nikasimama ng'ambo ya mfereji, karatasi kifuani. Nikasubiri. Mara leso ikapanda juu barazani, nyeupe, kubwa. Nikaenda mferejini, nikaufunga mdomo wake kwa lile jiwe langu, nikaburuta kigogo, maji yakahama. Nikavuka bila tone kwenye kiatu. Nikainua karatasi na kutabasamu.

Leso ikashuka. Ikapanda tena. Ikashuka. Hapo nikakumbuka mafua.

Nikapanda kwenda barazani. Mzee alikuwa na Waldstern mkononi. Nikauliza ipi bora. Akasema ya Simba ilimwonyesha kitu chekundu na kingine ambacho huenda ni mbuzi. Ya Mjerumani ni safi kabisa. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba mahindi hayana nguruwe yeyote. Zamu yake ya maji ni Jumapili mchana. Tangu Pasaka kila Jumapili maji hayamfikii, kahawa inakauka, naye alimdhania Mzee Yoeli. Alitaka darubini aketi hapa barazani, amwone mwizi kwa macho yake, hata kama kuna ukungu. Leo amemwona.

Nikasema huyo mtu akamatwe. Nikasema watu wa namna hiyo ndio wanaorudisha nyuma mkoa wetu.

Mzee akasema mwizi amevaa viatu vya kahawia, vya kamba, vipya.

Wote wakaangalia chini. Nami nikaangalia chini. Vilikuwa vinang'aa.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu mimi ni ya mkato kabisa. Vaileth alikuwa ngazini, uso mikononi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema amemsikia baba yake usiku akihesabu majina ya marafiki waliobaki.

Nikafanya ninalolijua kutoka kwetu Uchagani. Nikachuma jani la isale kwenye uzio wa mpaka, nikapiga magoti, nikalitoa kwa mikono miwili. Mtu akikuletea isale humkatalii msamaha. Nilijua atashindwa kukataa, na hilo nalo lilinipa nguvu ya kulia. Mzee akalishika. Akasema amesamehe kwa heshima ya jani, wala si kwa heshima yangu. Kisha akalichukua jani lilelile, akaenda nalo kwa Mzee Yoeli. Tulimwona kwa mbali akipiga goti na umri wake wote. Wenzangu walimwona vizuri, kwa ile ya Mjerumani. Sikuomba zamu ya kuangalia.

Jumatatu, 14 Julai

Adhabu imefika kwa simu ya Vaileth. Nitausafisha mfereji kwa jembe, peke yangu, kutoka mdomoni hadi mstari wa mwisho wa kahawa. Maji yakifika pale, tarehe ya harusi itapangwa. Yasipofika, haipangwi. Na darubini niipeleke ya kweli. Mzee amesema Hoshiko inamtosha kabisa, hakuwahi kutaka ya Kijerumani hata siku moja, ningemuuliza tu.

Yule mama wa miwani alisema. Lakini hakusema kwa mkazo.

Nikamuuliza Vaileth kama bado ananitaka. Kasema atanisubiri mfereji wote, ila nisimfanyie baba yake hila nyingine hata moja. Nimeapa. Nimekoma kabisa. Nimejifunza kuwa mtu mwingine.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya tatu ya jembe. Mikono imetoka malengelenge. Mgongo haunyooki. Mfereji ni mrefu kuliko unavyoonekana ukiuvuka. Mzee anakaa barazani tangu asubuhi, Waldstern juu ya gunia. Bosi wa Elimringi kamwachia hadi niilete Hoshiko. Nikipumzika kidogo, Elimringi ananipigia simu kwa niaba ya Mzee kuuliza kama naumwa. Mzee Yoeli siku hizi anakaa naye hapo. Wanapokezana jicho, wananywa chai. Vaileth anasema hajamwona baba yake na furaha hivi muda mrefu, na sauti yake imelainika. Alinishushia ndizi za kuchoma. Bado kidogo tu, maji yatafika kwenye kahawa.

Jioni nikiwa nimelala chali nimefikiri. Mzee anamwona mtu mwenye jembe na koti langu la bluu la kazi. Kutoka barazani uso hauonekani ukiinama, na kwenye mfereji kazi yote ni ya kuinama. Godbless ana urefu wangu. Ni mnene kidogo, lakini umbali unapunguza. Kesho yeye atalima, mimi nitalala kwenye migomba. Mafua yake yamepona, leso nimemwamuru aiache Daraja Mbili.

Kwanza alikataa. Alisema ile darubini ya Mjerumani inaona mpaka viatu.

Nimelifikiria hilo. Nimempa na viatu vyangu.