Ethi ya Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mzee Makene anamwoza binti yake, Conjesta, Jumamosi. Anatafuta gari la kumpeleka kanisani. Tunaogombea ni wawili: mimi na jirani yangu Zabron. Atakayembeba bibi harusi ataitwa kwenye harusi zote za kiangazi hiki. Noah ya Zabron imetoka kupakwa rangi. Yangu ina... heshima ya uzee. Lazima nimzidi kwa kitu. Nimepata! Taa za rangi chini ya gari na spika mbili kubwa nyuma. Atajuta kuhamia Tunduma.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa Nesta, fundi umeme wa magari, kuulizia tu. Kasema ni kazi ya siku nzima. Eti kila waya wa ethi aufunge kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane, umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Siku nzima! Kukwangua! Nimemshukuru, nikaondoka. Nitafunga mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Nimefunga. Ethi nimeibana kwenye bolti ya kwanza niliyoiona, na rangi yake. Nikawasha taa. Giza. Nikakanyaga breki, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nikawasha indiketa, spika zikakoroma kama ng'ombe mgonjwa. Mke wangu, Mwasiti, akauliza dirishani kama gari limepandisha mashetani. Nikamjibu hiyo ni teknolojia.
Baadaye, ufumbuzi! Kati ya injini na bodi kuna waya mnene umekaa bure. Hauendi kwenye taa wala honi. Nimeung'oa, nikaufungia spika. Zimelia mpaka kuku wa jirani wamehama. Akili hizi Mungu hampi kila mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya ukaguzi wa magari yetu, nyumbani kwa Mzee Makene. Zabron naye yupo, kavaa tai. Tai! Nimemkaribisha mzee kiti cha nyuma, juu ya kitambaa cheupe. Nikapiga stata. Gari likasuasua, likakohoa. Nikapiga tena. Moshi! Harufu ya plastiki! Likawaka, injini ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Nikadhani ndiyo nguvu mpya. Nikatia gia.
Tuliruka. Pedali ya mafuta imenasa, breki hazitoshi, spika zinapiga kaswida. Mzee anapiga kelele, "Seleman, unaniua! Seleman!" Tukapasua zizi la mbuzi wa harusi ndipo nikakumbuka kuzima ufunguo. Mzee kashuka kajifunika kitambaa cheupe. Mbuzi wote barabarani, wanaelekea Zambia bila pasipoti. Zabron akawakimbilia, tai begani, akawarudisha wote.
Ndiye atakayembeba bibi harusi.

Ijumaa, 7 Juni
Nesta kalikagua gari. Anasema ule waya mnene ndio ethi ya injini. Nilipoung'oa, umeme wa stata ulirudi kupitia kebo ya eksileta, ile ya pedali ya mafuta, ikaungua na kunasa. Kacheka mpaka kakaa chini. Fundi gani anamcheka mteja?

Jumapili, 9 Juni
Mwasiti anataka nikubali kosa. Kosa lipi? Kebo ilikuwa dhaifu.
Mchana rafiki yangu Hezron kapiga simu kutoka Kamsamba. Kanunua sola, anatafuta fundi. Nimemwambia aache kutafuta, nakuja. Akauliza kama paa lake la nyasi lina shida.
Nimemcheka sana. Umeme si moto.