Kivuli cha Saa Kumi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada, ulinipa daftari hili ulipokuwa unarudi chuoni. Ulisema niandike yote, kisha nikupelekee kwa dereva wa lori la maziwa anayepita kwenu kila Jumapili jioni. Naahidi kuandika yote, hata yatakayonivunjia heshima. Sidhani kama yatakuwa mengi.

Habari kubwa ni uwanja wa mbele. Mjomba anataka kumwaga zege kando ya ukuta wa tangi la maji, apate pa kutengenezea pikipiki yake. Mimi nataka bustani. Tulimweleza Baba sote wawili kwa pamoja akiwa anakula. Baba aliweka kijiko chini. Akasema yeye anataka kitu kimoja tu: akitoka kiwandani saa kumi, apate pa kukaa kivulini avue viatu. Atakayempatia mahali hapo Jumamosi atauchukua uwanja wote.

Mjomba ana mifuko miwili ya saruji. Mimi nina rula.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mtu mwingine angeanza kuchimba. Mimi nimeanza kwa ramani. Uwanja ni mita tisa kwa sita, ukuta wa geti upande mmoja, ukuta wa tangi upande wa pili. Nimechomeka vijiti na kufunga kamba ili mipaka ionekane. Safi kabisa!

Tatizo ni kivuli. Asubuhi naondoka mapema, na kwa sababu ya masomo ya ziada narudi saa kumi na mbili. Sijui saa kumi kivuli kinakaa wapi. Ningeweza kukisia, lakini Mwalimu wa Sayansi hapendi tukisie. Anataka vipimo.

Mchana nyumbani wapo Bibi na Mjomba tu. Bibi hana saa. Mjomba ana simu. Kwa hiyo nimemwomba Mjomba aandike kivuli kiko wapi asubuhi na alasiri. Sikumwambia ni kwa ajili ya bustani. Nimemwambia ni kazi ya shule. Amekubali, ila nimpigie rangi buti zake wiki nzima. Hajui anajichimbia kaburi. Nilipiga rangi huku nikitabasamu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mama ameanika soksi kwenye kamba zangu. Zote! Nilimweleza kwa adabu kwamba huo ni mpaka wa bustani. Akasema mpaka mzuri, unapitisha upepo.

Mjomba ameleta karatasi. Ameandika: "10, ukuta wa geti. 4, ukuta wa tangi." Ameanza na kumi akamalizia na nne. Mtu mzima, na hawezi hata kupanga namba! Nimezipanga upya kwa wino mwekundu, nne juu, kumi chini. Sasa kila kitu kinaeleweka. Saa nne kivuli kiko kwenye tangi, saa kumi kiko kwenye geti.

Benchi la Baba litakaa kwenye ukuta wa geti.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepita kwa mwenye kitalu cha miche. Nimemwagiza miche tisa ya majani mapana, ile isiyopenda jua, izunguke benchi. Aliuliza kama nina hakika na kivuli changu. Nikamwonyesha ramani. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Benchi liko tayari: matofali manne na ubao. Bibi alisimama kulitazama, akaanza kusema kitu kuhusu jua. Nilimwomba asubiri kidogo, nilikuwa napaka rangi alama ya kaskazini kwenye ramani. Nilipomaliza alikuwa amekwenda kulala.

Mjomba anapiga mluzi akichota kokoto. Namwonea huruma.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika yote, kama nilivyoahidi.

Saa kumi kamili Baba aliingia getini. Nilimkaribisha kwenye benchi. Akakaa. Jua likampiga usoni. Alijifuta jasho, akafunga jicho moja, halafu la pili.

"Mwanangu," akasema, "kivuli kiko njiani?"

Bibi akajibu kabla yangu. "Hapo ndipo ninapoota jua kila alasiri, magoti yakiniuma. Ungeniuliza, mjukuu wangu."

Nikatoa karatasi ya Mjomba na kumshtaki mbele ya wote kwamba amenihujumu. Mjomba akaisoma, akatoa simu yake, akanionyesha.

"Mpwa wangu, hii simu inahesabu Kizungu. Kumi yake ni saa nne asubuhi. Nne yake ndiyo saa kumi. Nilikuandikia kama nilivyoona. Hizi rangi nyekundu kaweka nani?"

Mama akaingia ndani ili acheke vizuri. Mjomba alichekea hapohapo. Baba akabeba ubao wa benchi hadi ukuta wa tangi, kwenye kivuli kizuri, akauegesha juu ya mifuko ya saruji na kukaa. Akavua viatu.

"Hapa ni pangu," akasema. "Hapamwagwi kitu wala hapapandwi kitu."

Mjomba akaacha kucheka.

Kisha Baba akaniambia upande wa geti ni wangu, nipande nitakacho. Dada, nimepata bustani! Sikulia. Labda kidogo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mwenye kitalu ameleta miche. Alipoliona jua akasema itaungua ndani ya siku mbili. Anayo mingine inayopenda jua, yuko tayari kubadilisha leo hii. Bibi naye akasema abadilishe.

Nimekataa. Kubadilisha miche ni kukiri kwamba ramani ilikosea. Ramani haikukosea, simu ndiyo iliyokosea. Isitoshe, sasa nina akili zaidi. Kama kivuli hakiji kwenye miche, nitakitengeneza. Nguzo nne, kamba, na kitambaa juu yake. Nimechora ramani mpya, nzuri kuliko ile ya kwanza. Sikumsumbua mtu kwa maswali.

Lori linaondoka sasa hivi, kwa hiyo nina swali moja tu, na unijibu kwa dereva huyuhuyu: lile shuka lako la bluu uliloacha kabatini, ulikuwa bado unalihitaji? Nauliza kwa sababu nimeshalikata.