Kila Kibaraza Shamba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa kukaimu ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wangu, uliyeketi kwenye kiti nilichokiacha kwa muda. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wa Kamati Ndogo ya Maandalizi, na wa Kamati ya Viburudisho, ambao nawaona bado wanatafuna. Afisa Mkuu wa Usafi pamoja na askari wako wa jiji waliosimama kwa nidhamu kuizunguka meza ya maonyesho. Wadau wa ndani, wadau wa nje, na wadau ambao hatujafanikiwa kujua wako wapi. Wakazi wa jengo hili la ghorofa nne, mlioketi juani kwa kuwa hema, kwa sababu za kiprotokali, limeishia kwa wageni. Mabibi na mabwana, na yeyote ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka ndani ya hema.)

Nimesimama mbele yenu, mimi Mratibu Mkuu wa Mpango Kabambe wa Kila Kibaraza Shamba, kuzindua zama mpya ambamo mwananchi asiye na shamba, asiye na kiwanja, asiye na hata pa kutemea mbegu ya papai, ataanza kujilisha mboga kutoka kwenye kibaraza chake cha ghorofani, kwa mujibu wa dira, dhima na fremuweki tuliyoiandaa katika warsha ndefu iliyofanyika hotelini, kwa sababu ofisini kwetu nafasi ni finyu. (Kicheko kutoka juani.) Cheka, cheka, lakini takwimu hazicheki! Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wakazi wa jengo hili wanakula. (Makofi, kisha mnong'ono.) Hiyo asilimia nne ni wageni wenu.

Mtauliza, Mheshimiwa, nafasi yenyewe iko wapi? Swali zuri, na ndilo lililowapeleka wajumbe wetu kumi na mmoja ng'ambo, kwa ziara ya mafunzo, kukiangalia kibaraza kimoja. Tulikiangalia kwa zamu. Tulijifunza kwamba asiye na kibaraza ana dirisha, na asiye na dirisha ana jirani mwenye dirisha, wakae wazungumze kama watu wazima. Mimi mwenyewe ni mfano hai wa kujitegemea: nyumbani kwangu upo mlimau mmoja, na mtunza bustani wangu huniletea taarifa yake kila Jumatatu. (Sauti kutoka juani: "Na malimau je, huwa anakuletea?") Swali hilo ni la kiufundi, bwana. Litajibiwa kwa maandishi.

Sasa tazameni meza hii ya maonyesho. Hapa hatusemi maneno matupu, hapa pana matokeo. Mchicha ndani ya karai. Pilipili ndani ya dumu la mafuta lililokatwa shingo. Vitunguu vya majani ndani ya sinki la zamani, ubunifu mkubwa sana. Na hapa katikati, fahari ya mpango wetu, nyanya ndani ya ndoo ya rangi, zimezaa, zimeanza kupiga wekundu, na mashina yake yamefungwa kwa vipande vya kitambaa cha sare za shule, teknolojia ya kushikiza mashina waliyoibuni wataalamu wangu baada ya… (Fundi cherehani wa ghorofa ya pili anasimama: "Wataalamu gani? Hiyo ndoo ni yangu! Nimeitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto! Mlikuja na askari mkaizoa kibarazani kwangu mkasema ni takataka!") 

Asante, mama, kwa shauku yako. Mwananchi anapofika kuutazama mradi na kuuita wake, sisi wataalamu tunajua mradi umeota mizizi. (Fundi cherehani: "Mizizi ni ya nyanya zangu! Cherehani imekufa, wateja wamehamia kwingine, hiyo ndoo na hilo karai ndiyo mboga ya wanangu. Nirudishie, baba, kabla hazijaoza mezani kwako!" Sauti: "Mpe!" Nyingine: "Mpe mama wa watu nyanya zake!")

Tulieni. Tulieni, jamani, tuelimishane. Wapo wapotoshaji wanaosema kwamba sheria ndogo ya usafi inakataza vyombo kwenye vibaraza, kwamba tulivizoa vyombo vyao, na kwamba leo tunavionyesha kama vyetu. Mambo hayo yote matatu ni kweli, na hayapingani hata kidogo! (Naibu anapiga makofi peke yake.) Mwananchi akilima bila mpango, huo ni uchafu. Serikali ikilima kwa mpango, hayo ni maendeleo. Nyanya ni ileile, udongo uleule, ndoo ileile, lakini ya kwanza haina uzinduzi. Huwezi kuamka tu asubuhi, ukachukua ndoo, ukatia udongo, ukapanda, ukamwagilia, ukala! Hatua zote umeziruka! Tathmini ya awali iko wapi? Umemshirikisha nani? Ukishiba bila sisi kujua, sisi tutaripoti nini? (Kicheko. Fundi viatu wa chini ya ngazi: "Ripoti kwamba nimeshiba, Mheshimiwa, nitakusainia!")

Na naomba hapa niwe mkali kidogo. Kujitegemea ni jambo zito mno, hatuwezi kumwachia kila mtu alifanye mwenyewe. (Fundi cherehani anawapita askari, anainua ndoo ya nyanya na kujitwisha. Askari wanamtazama Afisa Mkuu wa Usafi. Afisa anatazama sahani yake.) Eeh, tazameni wenyewe! Sijamaliza hata hotuba, na mwananchi amekwisha kuupokea mpango! Mpigieni makofi! (Makofi makubwa ya kwanza kutoka juani. Fundi viatu anajongea mezani, anachukua dumu lake la pilipili. "Samahani, kijana, nipishe," anamwambia askari, na askari anampisha.) Mzee naye! Mwitikio huu haujawahi kuonekana popote! Katibu, andika: nusu saa baada ya uzinduzi, walengwa wameanza kunufaika kwa kasi ya kutisha. (Wajukuu wawili wa bibi wa ghorofa ya tatu wanalishika sinki la vitunguu, mmoja huku, mmoja kule. Bibi: "Polepole, msinivunjie!" Karai la mchicha linaondoka. Mmoja wa askari anasaidia kubeba.) Haijapata kutokea! Meza nzima imekwenda kwa wananchi!

(Katibu anainuka na kumnong'oneza Mratibu sikioni.)

Ndugu wananchi, naelezwa… naelezwa kwamba imetokea hitilafu ndogo ya mawasiliano. Ningeomba vyombo virudi mezani. Kwa heshima zote, mama, rudi, usipande ngazi. Kesho asubuhi nauzindua mpango huu mtaa wa pili, na kesho kutwa kule viwandani, na wageni wa nje wanakuja kupiga picha, na hiyo ndoo uliyojitwisha, mama yangu, sina nyingine. (Sauti kutoka ngazini: "Na bajeti je?") Bajeti ilitekelezwa kikamilifu! Hema hili ni bajeti. Viti ni bajeti. Fulana mnazoziona ni bajeti, ile ziara ni bajeti, na mimi hapa nilivyo ni sehemu ya bajeti. Mbegu zimetengewa fungu katika awamu ya pili, ambayo itaandikwa pindi awamu ya kwanza itakapobuniwa. (Viti vya juani vimebaki vitupu. Juu, milango ya vibaraza inafunguliwa mmoja baada ya mwingine.)

Basi tufunge kwa nguvu moja. Nikisema kibaraza, mnasema shamba! Kibaraza! (Huko juu, ndoo inatua kibarazani.) Kibaraza! (Naibu: "Shamba.") Kujitegemea! (Naibu: "Shamba.") Hapana, hapo ni oyee. Kujitegemea! (Kutoka ghorofa ya pili, fundi cherehani, kopo la maji mkononi: "Mheshimiwa, hebu sogea kidogo, namwagilia!")

Nasogea, mama, nasogea. Nawashukuru sana wakazi wa jengo hili kwa kutuazima, bila ninyi kujua, mpango mzima. Asanteni kwa kunisikiliza. Katibu, niondolee hizi karatasi, zinalowa.