Mchele wa Uzi Mwekundu

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Baridi ya Ilula imeingia mpaka kwenye meno machache yaliyobaki. Eveline kapiga simu toka Lusaka. Mjukuu wangu huyo, mwaka wa mwisho wa uuguzi, kichwa kama changu ila chake kimesoma. Chuo kinataka dola mia nne za mtihani. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 18. Siku ikipita hafanyi mtihani, anarudia mwaka mzima. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, babu yake ni mtu wa mipango. Akasema wasiwasi wenyewe ndio huo.

Hela ipo! Nyanya zimelipa mwaka huu, na nguruwe mkubwa nimeuza. Shida ni kuivusha mpaka bila kunyonywa njiani.

Mwalimu Asukile kachungulia juu ya ua. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa Tukuyu aliyeletwa Ilula kufundisha na hakuona sababu ya kuondoka. Simu za watu huzisikiliza kupitia majani. Akasema nimtumie mtoto kwa simu, dakika tano, hata chai haitapoa, makato madogo. Nikamjibu ni bora nitembee kwa miguu mpaka Lusaka kuliko kufuata ushauri wa mtu ambaye mbuzi wake alikula kabichi zangu. Akasema mbuzi yule alikufa mwaka juzi. Kufa si kuomba radhi!

Jumanne, 8 Julai.

Iringa mjini. Benki. Viti laini, maji ya bure (nimekunywa glasi nne). Binti wa dirishani anaitwa Amna. Sauti ya asali, habari za shubiri. Kutuma dola mia nne, makato karibu dola arobaini na tano! Na kuna benki nyingine ya katikati, nayo humega kidogo. Nikauliza huyo wa katikati ni nani, na nyanya zangu alizipalilia lini. Amna akasema utaratibu ndio huo, babu. Nikauliza kama hela inapanda ndege, na kama imepewa kiti cha dirishani. Foleni nzima ikacheka. Akanieleza kwa upole kwamba hela yenyewe haisafiri, unaokwenda ni ujumbe tu. Haa! Hapo nikamshika. Kama haisafiri, nauli ya nini?

Nikatoka nimeinua kidevu. Nikaingia duka la kubadilishia fedha, nikatoa kitambulisho, nikapewa noti nne za mia mia. Mpya kabisa, zinanukia kama Biblia ambayo haijafunguliwa. Wamenionya nisizikunje. Nimerudi nazo kifuani, ndani ya kitabu cha nyimbo.

Nauli ya leo siihesabu. Yalikuwa matembezi.

Jumatano, 9 Julai.

Mbeya! Kwenye basi tangu alfajiri, magoti yamekuwa kuni. Nimekwenda Mwanjelwa kwa Muharami, muuza vitenge. Tunajuana tangu nikiwa utingo. Hufuata mzigo Zambia, kwa hiyo nikajua daraja langu ni huyu. Nikamwomba abebe dola zangu. Akasema atavuka mwezi ujao. Basi, nikamwomba ampigie mwenzake wa kule amlipe mtoto, mimi nimlipe yeye hapa, na kidogo cha juu tuelewane kiutu uzima. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akasema leseni yake ni ya vitenge, si ya fedha, na hana mpango wa kuonja ugali wa jela uzeeni. Akaniagizia chai ya tangawizi na vitumbua viwili. Nilipokuwa natafuna akaniambia mama yake, Bi Mwamvita, ana miaka themanini na mtoto wa jicho, na anatuma hela kwa simu.

Kila mtu simu! Huyu Asukile kawapitia wote?

Gesti ya leo nayo siihesabu. Mtu lazima alale mahali.

Alhamisi, 10 Julai.

Godoro lilikuwa na vilima vingi kuliko barabara ya mlima Kitonga, lakini akili imeamka nzima. Stendi nimekutana na Shedrack, kijana wa kwetu Ilula, dereva wa basi la Dar kwenda Lusaka. Alikuwa anashuka Dar, na Jumatatu mchana atapita tena Ilula akipanda kwenda Lusaka. Nikamweleza. Akakataa! Fedha taslimu habebi: kuna forodha, kuna polisi, na mwenyewe kasema hajiamini. Ila mfuko wa chakula cha mwanafunzi hubeba kila safari, bure, kwa ndoo moja tu ya nyanya.

Nikamsalimia mara ya pili bila sababu. Wazo lilikuwa limeshaingia.

Njiani kurudi nyumbani nimeshuka, nikachukua bodaboda mpaka Ubaruku, huko Mbarali, nikanunua kilo kumi za mchele mashineni kwenyewe. Supa, punje ndefu. Mama wa mashine kaniuliza kama nina harusi. Nimemwambia nina zaidi ya harusi.

Ijumaa, 11 Julai.

Kazi imefanyika. Noti nne, hazijakunjwa, kati ya makaratasi mawili magumu, ndani ya nailoni, katikati ya mchele. Nimeweka na barua: “Eveline, ya mtihani hii. Shedrack asijue. Babu.” Mfuko nimeushona mdomo kwa sindano ya gunia na uzi mwekundu wa Blandina. Blandina ni mke wangu, mwaka wa arobaini na saba wa ndoa huu. Sijamwambia kitu. Yuko kwaya moja na mke wa Asukile, na habari ikiingia sauti ya kwanza, jioni inaimbwa na besi. Kauliza mfuko ni wa nini. Nimemwambia ni mchele. Mchele wa kawaida. Wa kawaida sana.

Benki: sifuri. Simu: sifuri. Mtu wa katikati: afe njaa!

Jumamosi, 12 Julai.

Hakuna jipya. Nimeutembelea mchele stoo mara sita.

Jumapili, 13 Julai. Sikukuu ya Mavuno.

Leo naandika yote, hata yanayouma.

Blandina alitangulia na kwaya. Mimi nilifika kwenye mahubiri, nikakaa nyuma karibu na mlango, mahali pangu. Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mavuno. Matilda, katibu wa usharika, ndiye alikuwa ananadi. Mama yule angeweza kumuuzia samaki maji. Wakauzwa kuku, yakauzwa mayai, ukauzwa mkungu wa ndizi. Kisha akainua mfuko. Uzi mwekundu!

Akatangaza: mchele safi wa Mbarali, sadaka ya familia ya Mzee Kalinga, kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtihani wa mjukuu wao Eveline. Watu wakapiga makofi. Blandina yuko kwenye kwaya anatabasamu kama malaika.

Bei ya kuanzia, elfu ishirini. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Usharika mzima ukageuka. Mimi, ambaye sijawahi kununua hata limau hapo! Asukile akanitazama, akanikazia macho kama zamani alivyokuwa akimkazia mwanafunzi mwenye embe mfukoni. Akasema thelathini. Nikasema arobaini. Hamsini. Sitini. Kina mama vigelegele. Mtu kapaza sauti kwamba Mzee Kalinga kaokoka. Asukile akafika laki moja, na uso wake mkavu. Nikasema laki na kumi! Akainamisha kichwa, akasema “ndaga,” yaani asante, kwa Kinyakyusa chake cha kunikebehi.

Nikaukumbatia mfuko. Mnada umekwisha? Haukwisha! Wakaanza: “Urudishe! Urudishe!” Kwetu mtu akinunua kitu mnadani kwa moyo mkubwa, hukirudisha kiuzwe tena, kanisa lipate mara mbili. Desturi nzuri sana kwa mchele wa mwingine. Nikasema huu siurudishi. Wakacheka, wakadhani natania, maana mimi ni mtu wa utani. Miaka sabini na moja ya utani imenilipa leo. Vijana wawili wa kwaya wakaniondolea mfuko mikononi kwa heshima zote, huku wanaimba.

Raundi ya pili nikanyoosha tena. Matilda akasema, mbele ya watu wote, kwamba baba nimetoa elfu sabini tu, arobaini ni ahadi, nimalize ya kwanza kwanza. Asukile akauchukua kwa elfu thelathini na tano. Akamkabidhi Mchungaji, zawadi. Mchungaji akautia kwenye gari, akaondoka na mkewe kwenda ibada ya mtaa wa mbali. Wanarudi kesho jioni.

Blandina anasema laki na kumi ni karibu sawa na makato ya benki. Nimemwambia ile ni sadaka, na sadaka haihesabiwi. Kauliza kwa nini nalia. Nimesema moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Jumatatu, 14 Julai.

Saa saba Shedrack kasimama barabarani, honi mara tatu. Nimempa ndoo ya nyanya. Kauliza mzigo uko wapi. Nimesema nyanya tu, zawadi kwake, kwa urafiki wetu. Kaondoka anageuka geuka.

Eveline kapiga. Je, babu, umetuma? Nimesema ipo njiani, inakuja taratibu kwa sababu ni hela yenye heshima. Akasema wenzake wote wameshapata namba za mtihani. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Mama yake alituachia Eveline akiwa na miaka minne, na tangu hapo mtoto huyu hajawahi kuniomba kitu mara mbili.

Nimekaa kwenye rundo la kuni mpaka baridi ikanitoa.

Jumanne, 15 Julai.

Mpango mpya! Asubuhi nimekopa mchele kilo kumi dukani, nikautia kwenye mfuko wa aina ile ile, nikaushona kwa uzi mwekundu. Nikaenda kwa Mchungaji. Mama Mchungaji, mama Lea, kanikaribisha. Nikamweleza nimesikia mchele wa Mbarali mwaka huu una wadudu wabaya, wadudu wa macho, nimeleta mwingine tubadilishane kwa ajili ya afya ya watumishi wa Bwana. Kaniwekea chai. Kauliza wadudu hao wana rangi gani. Nikasema kijani. Kauliza kama wana picha ya mtu kichwani. Nikasema huenda, kuna aina nyingi. Kaniongezea mkate. Kaniacha niendelee nusu saa nzima! Nikaeleza wanavyotaga, wanavyohama, mpaka dawa yao nikaitaja.

Ndipo akaniambia mchele walipika jana jioni, mtamu sana, na wadudu aliwakuta wanne, na barua yao. Alimpigia Blandina. Blandina hajui mambo ya kutuma nje, akakimbilia kwa jirani. Asukile akatoa akiba yake mwenyewe, akamtumia Eveline kwa simu jana ile ile usiku, na zile dola amebaki nazo yeye.

Dakika tano. Chai haikupoa. Aliniambia mama Lea, na Asukile ndiye aliyemwambia aniambie.

Ijumaa, 18 Julai.

Ujumbe wa Eveline umefika: amelipa, ana namba, mtihani ni Jumatatu. “Mshukuru sana Babu Mwalimu.” Babu Mwalimu! Wa mbuzi!

Hata hivyo nimepiga hesabu zangu kwa utulivu. Benki sikuilipa hata senti. Hela imefika Lusaka. Mtu wa katikati hakumega. Mtu mwenye akili ataona nani kashinda.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Makato ya simu, elfu kumi na nne, Asukile alilipa mfukoni mwake. Hajanidai. Anasalimia tu juu ya ua kila asubuhi kwa furaha, ambayo ni mbaya kuliko kudai. Sitalala na deni lake. Kumpa mkononi? Aone uso wangu? Kamwe! Blandina anasema nimrushie kwa simu. Nimeuliza makato. Yapo! Watu wawili wanaotenganishwa na ua wa majani, na makato yapo!

Nimeshaongea na Shedrack. Jumapili anashuka toka Lusaka, atasimama hapa, atachukua mfuko wa maharage kwangu na kumshushia Asukile nyumba ya pili. Bure, kwa ndoo ya nyanya. Elfu kumi na nne imo katikati ya maharage, ndani ya nailoni. Mfuko uko stoo.

Blandina kauliza ni maharage gani. Nimemwambia ya kawaida. Ya kawaida sana. Akasema vizuri, maana Jumapili umoja wa wanawake wana mnada wao. Sijui kwa nini ananieleza mimi mambo ya wanawake.

Sina wasiwasi. Safari hii nimeshona kwa uzi wa bluu.