Kigen wa Ainabkoi Alivyotulia Ndani ya Sumaku

Sogeeni, enyi wakaazi wa Eldoret! Tegeni masikio, zimeni simu, niwasimulie habari za Kigen wa Ainabkoi, bwana wa viazi, mwenye kitambi kitanguliacho mlangoni, na jinsi alivyopambana na jitu la sumaku lipigalo picha misuli ya watu.

Watafiti walitaka kujua jinsi unene unavyoizuia misuli ya mguu kuchoma sukari. Kigen alitaka kujua kuliko wao, kwa maana mamake alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, naye aliogopa, tena aliogopa sana; basi akajitolea kupimwa.

Vita vya kwanza alishindwa. Aliamriwa afike bila kula, akafika na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, tumboni.

"Mzee, si tulikuambia usikule?" akauliza Awuor, mwendeshaji wa mashine.

"Sikukula, madam. Nilikunywa."

Akarudishwa nyumbani, amebakiziwa nafasi moja tu.

Alfajiri ya vita vya pili, Jebet mkewe akaja na kibuyu, maziwa yananukia mkaa. "Baba Purity, onja kidogo tu. Utaanguka huko."

Kigen akainua mkono. "Ewe Mama Purity, binti wa watu wakarimu! Ondoa kibuyu hicho mbele ya macho yangu! Leo hata mate nitayameza kwa hofu!"

Akawasili mjini, koo limekauka. Awuor akamkazia macho. "Umekula?"

"La."

"Umekunywa?"

"Maji matupu, haki ya Mungu."

Ndipo akasukumwa ndani ya pango jeupe, likambana mabega kama sweta ya mtoto. Jitu likanguruma, likagonga, likapiga mayowe. Kigen akakanyaga pedali iliyowekwa miguuni pake mpaka kigimbi kikawaka moto, kisha akaamriwa atulie tuli, ili mashine ione misuli ikijirudishia nguvu. Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo ulipo ushujaa: tumbo lililia, pua iliwasha, jasho liliingia jichoni, na Kigen hakutikisika.

Awuor akamvuta nje. "Picha imetoka poa. Daktari atakuelezea vizuri, lakini misuli iko na mafuta mingi, Mzee, na nguvu inarudi pole pole. Lakini inarudi."

Kigen akalia, wala hakuficha uso. Basi na iandikwe kwamba katika mji ushangiliao wakimbiaji, siku ile alishangiliwa mtu kwa kulala bila kusogea. Na Awuor, ambaye ndiye aliyekuwa umati wote, akapiga makofi.