Nilivyomfunulia Kurasa Bwana Cyprian

Jumatatu, 4 Agosti

Daftari langu, nisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Veronica anaota meno, ananyonya usiku kucha, na kalamu kaitafuna. Ila leo lazima. Nimepata nafasi!

Jumamosi anakuja kanisani kwetu hapa Bariadi Bwana Cyprian, mpiga kinanda aliyesomea Ulaya. Kinanda chenyewe cha kizamani, hakitumii umeme, ndani kina nyuzi. Na muziki wake una miaka mia tatu! Anataka mtu wa kukaa pembeni amfunulie kurasa, ila awe anasoma nota. Mwalimu Ndalahwa wa kwaya akauliza nani anaweza. Lukresia akatazama viatu vyake. Nikasema mimi. Mwalimu anatafuta msaidizi wake, na ni kati yangu na Lukresia. Sasa tutajuana!

Sijadanganya. Nota nasoma. Do, re, mi, zote, toka darasa la nne.

Jumatano, 6 Agosti

Bwana Cyprian kafika leo kujaribu kinanda, nimeona kitabu chake. Hakuna do. Hakuna re. Mistari mitano mitano, na vidoa vyeusi vyenye mikia, kama viluwiluwi lamboni. Nikakaza uso. Nikamsifu kwamba kitabu kimeandikwa safi sana. Nikamuuliza, kwa heshima, kama atanipa ishara. Akasema atatikisa kichwa.

Yamekwisha! Nani anashindwa kuona kichwa?

Njiani Lukresia akauliza nimeelewa nini mule. Nikamwambia shoga, hayo ni mambo ya ndani. Akasema haya, mama wa mambo ya ndani, Jumamosi siyo mbali.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wako kwenye maonyesho Nyakabindi, mimi niko mazoezini. Nimemkalisha mume wangu Maganga mezani. Yeye anatikisa kichwa, mimi nafunua kalenda ya mwaka jana. Miezi yote kumi na miwili, sijakosea hata mmoja! Akalalamika ana pamba ya kupeleka kwenye mizani. Nikasema pamba haiozi, na kesho Veronica ni wako, wewe ni baba yake, siyo mgeni. Akaendelea kutikisa kichwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Wengine wamekuja kwa baiskeli toka Dutwa. Mimi na kitenge kipya, mbele ya wote.

Bwana Cyprian akaanza. Mvua ya mawe juu ya bati jipya! Akatikisa kichwa, nikafunua. Akatikisa tena, nikafunua. Kumbe huyu mtu muziki ukimpanda kichwa hakitulii! Anatikisa, nafunua, anatikisa, nafunua. Akanitolea macho. Nikajua nachelewa, nikaongeza mwendo. Tukafika jalada la nyuma, yeye ndiyo kwanza anachanganya. Basi akafumba macho, akapiga bila kitabu mpaka mwisho.

Vigelegele! Mama mmoja wa Nkoma akasema hajawahi kuona mtu anasoma haraka namna ile. Akaja mbele anacheza, akanitunza, akanifunga kanga kiunoni. Mimi! Siyo mpiga kinanda.

Na Veronica wangu, begani kwa baba yake, kalala fofofo, mdomo wazi. Wiki nzima hajalala hivyo. Nilimwangalia mpaka machozi yakanitoka.

Jumapili, 10 Agosti

Mwalimu katangaza msaidizi. Lukresia!

Eti jana alimfuata, akakiri ile mistari haijui, akaomba afundishwe. Mwalimu akaniambia taratibu, mayu, mama yangu, hata wewe ungesema tu. Nimemwelewa vizuri sana. Asiyejua anapewa mwalimu. Anayejua anawekwa akiba kwa makubwa.

Na makubwa yamefika. Wakati wanapakia kinanda kwenye Canter, Bwana Cyprian alisema Desemba atarudi, atahitaji mtu wa filimbi. Nikamwambia filimbi napuliza toka utotoni. Akatazama juu muda mrefu. Nadhani alikuwa anashukuru.

Nimemwandikia dada Domitila, Mwanza, leo hii hii. Nahitaji anitumie: pempasi namba tatu, pakiti mbili. Miwani ya kioo cheupe, nionekane msomi. Filimbi moja nyeusi, isiwe ya kuchezea watoto. Na kitabu kinachoonyesha mdomo unawekwa upande gani.