Wanaopasha Moto Anga la Saluni Yangu

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Leo tena! Saa ya habari za Kivu, redio yangu: shhhhh. Saluni imejaa, masikio wima, halafu shhhhh. Kwa Sylvestre, kinyozi wa mlango unaotazamana na wangu, sauti safi kabisa. Bienaimé, niliyekuwa namnyoa, akasema samahani tonton, mama yangu yuko Bukavu. Akatoka na kichwa nusu nywele, nusu upara. Sylvestre akamalizia nusu yangu! Wengine wakamfuata. Wakizoea kule, nimekwisha.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimepata! Gazeti linasema huko Norvege, kaskazini kabisa, wataalamu wanarusha mawimbi makali ya redio juu, wanapasha moto tabaka la juu la anga, waone linavyovurugika. Bon. Tabaka hilohilo ndilo linalorudisha chini mawimbi ya masafa mafupi ya redio, hadi hapa Matonge yetu ya Ulaya. Nimemuuliza Élodie, binti wa maman Euphrasie, anayesoma fizikia. Eti tonton, wanavuruga kipande kidogo tu juu ya vichwa vyao, wakizima, kinatulia. Kajibu haraka mno. Nani kamfundisha? Na mbona anga la Sylvestre halichemki? Kuna mkataba kati yake na wao.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimepanda paani kutandaza karatasi ya alumini, mawimbi yao yarudi kwao. Upepo umeipeleka yote barabarani, Chaussée d'Ixelles. Sylvestre alinishikia ngazi, akasema shuka pole pole, papa Onésime, bado tunakuhitaji. Tunakuhitaji! Yeye na nani?

Alhamisi, 8 Oktoba
Élodie kaja kusukwa nywele. Katazama huku, katazama kule, kazima taa ya neoni ya dirishani, ile niliyoifunga mwenyewe bila fundi. Shhhhh ikakatika. Bukavu hii hapa! Saluni nzima ikaangua kicheko. Papa Mwenze, mteja wangu wa siku nyingi, akasema kumbe Norvege iko dirishani. Bienaimé peke yake hakucheka. Alisikia mtaa wa mama yake umetulia, akakaa kitini pangu, akaomba kunyolewa ndevu.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mimi ni mtu wa hesabu, sichekwi hivihivi. Nimewasha taa mara kumi: shhhhh mara kumi. Nimezima mara kumi: safi mara kumi. Hiyo si bahati. Donc, wa Norvege wanaiona taa yangu! Ikiwaka tu, wanachochea moto wao. Sitaizima, wasije wakajua nimewagundua.
Wateja wote wako kwa Sylvestre. Vizuri. Utafiti unataka utulivu.